Jumapili ya kutoa kutu

Wasikilizaji wapenzi wa Beni na Butembo, wa Oicha, wa Mutwanga, na ninyi taximan mliosimama kivulini mkingoja mteja huku redio ya simu ikisema mfukoni, leo naomba siasa ikae pembeni dakika chache. Nataka tuzungumze kutu. Si kutu ya bati wala ya jembe. Ni kutu iliyo ndani ya tangi la pikipiki, ile usiyoiona mpaka siku ikuache mlimani na abiria mgongoni.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja anayenibeba mara nyingi kutoka Boikene hadi katikati ya mji alikuja nyumbani, uso umemkunjamana. Akasema, "Papa, hii moto inakufa tu kwa mlima. Kwa teremko iko muzuri." Fundi wa kwanza alikuwa amemuuzia buji. Fundi wa pili akamwambia ni kabureta, akaifungua, akaipuliza, akaifunga, akachukua pesa yake. Moto, yaani pikipiki, ikatembea vizuri siku mbili. Siku ya tatu, akipandisha Kabasha kwenda Butembo, ikakohoa, ikakohoa, ikazima. Anasimama dakika tano kando ya barabara, anaikanyaga, inawaka tena kama mtu asiye na kosa.

Nikamwambia alete chupa tupu ya maji ya kunywa, ile ya plastiki nyeupe unayoona ndani yake. Tukachomoa mpira wa esansi pale kwenye kabureta, tukageuza robine, tukajaza nusu ya chupa, tukaiweka juu ya ukuta. Tukazungumza habari za kakao na bei yake. Tuliporudi kuitazama, chini ya chupa palikuwa na maji, kimo cha kidole kilicholazwa, na ndani ya maji unga mwekundu kama pilipili iliyosagwa. Juu yake esansi imetulia, safi. Mahali viwili hivyo vilipokutana palikuwa pamenyooka kama pamechorwa kwa rula.

Hapo hakuna siri. Lita ya maji ina kilo 1. Lita ya esansi ina gramu 750 hivi. Maji lazima yazame. Na robine ya pikipiki nyingi iko chini kabisa ya tangi, upande wa nyuma, karibu na kiti. Ukiteremka, maji yanakimbilia mbele. Ukipanda, maji na kutu yake vinarudi nyuma, vinajipanga mbele ya robine, na hapo hapo injini inadai esansi nyingi kuliko kawaida. Inapewa matope. Ukisimama, vinatulia, inawaka. Buji haina hatia yoyote.

Kijana akatazama chupa, akatikisa kichwa, akasema neno moja tu: "Kadhafi."

Kwa mgeni anayetusikia kwa mara ya kwanza, Kadhafi huyo si marehemu wa Libya. Ni yule ndugu yetu wa kando ya barabara mwenye bidoni, chupa na mrija, anayekuuzia esansi kwa lita na nusu lita. Wauzaji hao walipewa jina la mwenye visima vya mafuta, na jina limewakaa toka hapa hadi Kinshasa. Basi kijana alikuwa tayari kwenda kugombana. Nikamzuia. Ni kweli bidoni nyingine inaachwa wazi mvua ikinyesha, na ni kweli esansi yetu inasafiri njia ndefu: kwa lori kupitia Uganda, inavuka mpaka Kasindi, kisha kilomita 80 hadi hapa Beni, ikimiminwa toka chombo hiki hadi kile. Maji yana nafasi nyingi za kuingia. Lakini maji ya tangi lile hayakuuzwa yote na mtu. Mengine tangi liliyatengeneza lenyewe.

Sikilizeni. Taximan wetu anaweka lita moja asubuhi, lita nyingine mchana akipata. Tangi lake linabeba lita 10 au zaidi. Maana yake, siku zote sehemu kubwa ya tangi ni hewa. Mchana Beni ni joto, hewa inatanuka, inatoka kwa kitundu cha kifuniko. Usiku baridi inaingia, na mwenye kulaza pikipiki Butembo kule juu kwenye ukungu anajua ninasema nini: hewa inajikunja, na tangi linavuta hewa nyingine ya nje, mbichi, yenye unyevu. Unyevu unagusa bati baridi, unakuwa jasho. Jasho linateremka chini. Kesho tena. Na tangi ambalo kila siku liko karibu kwisha linatembea kwenye rizavu, na rizavu ni ile esansi ya chini kabisa, inayokaa na maji. Kwa hiyo mwenye kununua kidogo kidogo ndiye anayeshikwa na kutu kwanza, na ndiye anayekunywa uchafu wake wote. Tajiri anayejaza tangi na kuegesha gereji hajui habari hizi. Kumwambia taximan "jaza tangi kila jioni" ni shauri sahihi kabisa, na ni shauri la mtu asiyejua maisha yake.

Sasa, kutu imeshashika. Dukani Butembo tangi jipya lipo, na bei yake inakufanya urudi nyumbani kimya. Tutaitoaje bila pesa nyingi?

Njia maarufu kwenye gereji zetu ni asidi ya betri. Naisema wazi kwa kuwa najua wengi mmeiona: fundi anamimina ndani, inatoa povu na moshi, baada ya saa moja tangi linang'aa ndani kama sahani ya harusi. Mteja anafurahi. Lakini asidi ile haijui kuchagua. Ikimaliza kutu inakula bati, na bati la matangi haya ni jembamba, na pale kutu ilipochimba zaidi ndipo limebaki jembamba zaidi. Mimi mwenyewe nililipia kosa hilo miaka kadhaa iliyopita. Tangi langu lilitoka linang'aa, na mwezi wa pili likaanza kutoa jasho la esansi kwa chini, matundu kama ya sindano. Nikafanya kama wote tunavyofanya, nikasugua sabuni ya mche juu ya matundu. Sabuni inaziba kweli, kwa sababu esansi haiyeyushi sabuni. Inakufikisha nyumbani. Kisha mvua inainyeshea na unaanza upya.

Na tusifike kwenye kuchomelea. Tangi tupu la esansi ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke, na mvuke unabaki hata siku kadhaa baada ya kumwaga. Wako mafundi wanaojua kulijaza maji kwanza na kuacha kanafasi kadogo. Wako wanaodhani wanajua. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Tulichotumia sisi ni siki. Siki nyeupe ya kawaida ya dukani, ya kachumbari. Asidi yake ni asilimia 5 hivi, ni ya upole, na upole huo ndio tunaoutaka: inakula kutu haraka na bati polepole. Ukiwa na mti wa ndimu uani, maji ya ndimu yanakaribiana na siki kwa ukali, ila yachuje kwa kitambaa, mbegu zisizibe robine. Lakini kukamua ndimu za kujaza lita 4 ni kazi ya familia nzima. Siki ni rahisi zaidi. Kuna aliyeniuliza kuhusu kasiksi iliyochacha. Ni kweli pombe ya ndizi ikichacha sana inakuwa siki ya aina yake. Lakini hujui ukali wake, na sukari yake inabaki inanata ndani ya tangi. Kasiksi waachieni wenyewe.

Gharama kubwa, wasikilizaji, si siki. Ni versement. Kijana huyu pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenye moto pesa yake, moto imetembea au haikutembea. Siki inataka siku nzima na usiku wake, na siku nzima bila moto ni deni. Asidi ya betri inapendwa kwa sababu hiyo tu: inamaliza saa moja. Kwa hiyo tukatafuta siku ambayo haimdai. Jumapili. Jumamosi jioni, kabla ya saa ya kurudi nyumbani, tukavua tangi. Jumatatu alfajiri lilikuwa limerudi. Na tuseme ukweli wetu wa hapa: siku za ville morte, maduka yamefungwa na moto zimelala, wengi tunashinda tumekaa kwenye baraza. Tangi linaweza kufanya kazi siku hiyo.

Sasa niwape ilivyokwenda. Esansi yote tulimwaga nje, mbali na jiko la makala, na hakuna mtu aliyevuta sigara. Tukavua robine, tukavua na kile cha kuonyesha kiasi cha esansi, tukaziba matundu yao kwa vipande vya mpira na vibati na bolti zake zile zile. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili, mpaka harufu ya esansi ipungue. Wengi wanaruka hatua hii. Ndani ya tangi kuna utando wa mafuta, na siki haipiti kwenye mafuta. Utakaa siku mbili ukingoja na kutu imejificha chini ya blanketi lake.

Halafu nati. Tulikusanya nati ndogo za chuma 20, zenye kona. Kijana alitaka kutia changarawe, nikakataa, changarawe inavunjika inaacha mchanga. Nati unazitia, unatia maji kidogo, unafunga kifuniko, unakumbatia tangi kama mtoto asiyetaka kulala na kulitikisa: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Kelele yake majirani walifikiri tunapika bisi. Dakika 20, mnapokezana. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya udongo wa Beni baada ya mvua. Kutu iliyolegea inatoka hapo, bure, na siki inabaki na kazi ya ile iliyong'ang'ania tu. Mkitoa nati, zihesabuni. Tuliingiza 20, zikatoka 19. Nusu saa tuligeuza tangi lile juu chini kwa mwanga wa simu, mpaka ya 20 ikadondoka kutoka kwenye kona moja karibu na mdomo.

Ndipo siki, lita 4, imepashwa moto kidogo kwenye sufuria, nje, isichemke. Hamna haja ya kujaza tangi zima. Ila kumbukeni umbo lake: tangi limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, lina mifuko miwili chini, kushoto na kulia, na siki ya kushoto haivuki yenyewe kwenda kulia. Kwa hiyo tulililaza ubavu huu kwa saa kadhaa, tukaligeuza ubavu ule, kisha pua chini, kisha mkia chini. Kabla ya kulala, geuza. Ukiamka usiku kwenda haja, geuza. Na kifuniko kisikazwe, kwa kuwa asidi ikigusa chuma inatoa gesi, tena gesi inayowaka, iachiwe njia. Siki ikidondoka juu ya rangi, futa kwa kitambaa chenye maji.

Mambo mawili yasifanyike hapa. La kwanza, chumvi. Wapo wanaoongeza chumvi ili siki iwe kali, na inakuwa kali kweli, lakini chumvi ikibaki hata kidogo kwenye kona, inaita kutu nyingine upesi kuliko ya kwanza. La pili ni baya zaidi: javel, ile ya kung'arishia nguo. Msichanganye javel na siki, wala na ndimu, wala na asidi yoyote. Inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu, na wewe umeinama uso wako juu ya tundu la tangi.

Mmoja ataniambia kuna njia ya umeme, kwa betri ya volti 12 na maji ya magadi. Ipo, inafanya kazi vizuri, chuma cha fito ndani ya tangi kinaunganishwa na chanya, tangi na hasi, na fito isiguse bati. Kama una paneli ya jua na betri nyumbani na mkono usiotetemeka, jaribu, nje, mbali na moto, na fito isiwe ya inox kwa sababu inatia sumu ndani ya maji. Kwa taximan wa kawaida naona siki inatosha.

Jumapili adhuhuri, baada ya misa, tukamwaga. Ilitoka nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Tulichimba shimo mbali na kisima, hatukumwaga mtoni. Tukamulika ndani kwa simu: bati la kijivu, la kufifia, bila mng'ao. Kijana akasikitika, alitaka ling'ae. Nikamwambia kijivu ndicho unachotaka. Kona mbili zilikuwa bado na madoa. Tukatia siki nyingine safi, saa tatu zaidi kwa kona hizo tu.

Na sasa, mahali ambapo wengi wanapoteza kazi yao yote. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni uchi. Ukikiosha kwa maji ukakiacha, ndani ya saa moja utaona rangi ya chungwa inatambaa. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya kumwaga siki ya mwisho. Tulisuuza kwa maji, tukatia maji yenye vijiko vitatu vya bikarbonati, ile ya mama wauza maandazi, kuua asidi iliyobaki. Tukasuuza tena, kisha mbio kwa kwado wa jirani, fundi wa matairi, akatupulizia upepo wa kompresa ndani ya tangi mpaka kidole kikiingia kinatoka kikavu. Kutoka hapo, juani. Ukiwa Butembo na jua limegoma, kaa na kwado muda mrefu zaidi, umpe chochote. Mwisho, nusu lita ya esansi pamoja na glasi ya chai ya mafuta ya injini, ukatikisa, ukazungusha kila upande mpaka bati lote livae mafuta, ukamwaga. Esansi ile yenye mafuta inafaa kusafishia mnyororo.

Tangi lilirudi mahali pake, na katikati ya mpira wa esansi tukaweka filtri ya plastiki, ile ndogo unayoona ndani. Ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye duka la vipuri. Robine tuliisafisha, na kabureta ikafunguliwa mara moja ya mwisho, kitundu cha jikleri kikapulizwa. Raba ya kifuniko ilikuwa imepasuka, na hapo ndipo maji ya mvua na ya kuoshea moto yalipokuwa yakiingia. Kijana alikuwa ameanza kukata nyingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi. Nikamnyang'anya mkasi. Mpira ule ukikaa na esansi unavimba na kuwa laini kama ugali. Nunua raba yake yenyewe. Na ukiosha moto, funika kifuniko kwa mfuko wa plastiki. Ukilaza nje, fanya vivyo hivyo. Kuna wanaocheka wakiona mfuko juu ya tangi. Waache wacheke, na wale wa chukudu za mbao wana haki ya kutucheka sote, chukudu haina tangi.

Juzi kijana alipita hapa akitoka Butembo. Amepanda Kabasha mara nne, haijazima. Tulirudia mtihani wa chupa, nusu chupa juu ya ukuta ule ule. Maji hayakuonekana. Ndani ya filtri kulikuwa na unga mwekundu kidogo, kama chumvi inayoshikwa na vidole viwili. Huo ni wa kona tulizoshindwa kufikia, na filtri itabadilishwa mwisho wa mwezi. Mwenye moto hajui kama tangi liliwahi kuvuliwa. Versement yake haikukosa hata siku moja.

Taximan unayenisikia na moto yako inakufa mlimani, usinunue buji leo. Tafuta chupa kwanza. Na wewe Kadhafi, ndugu yangu, mawingu yanakusanyika huku upande wa Ruwenzori: funika bidoni.